Kwanini skechi ya mama akimchana mtoto nywele ina uhai kuliko picha yenyewe?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Najifunza kuchora mwenyewe, huu mwaka wa nne. Nimemchora mama yangu akimchana nywele mwanangu, skechi za penseli kama kumi hivi, baadae nikatumia hizo skechi kufanya picha ya rangi za mafuta. Picha imetoka safi ila imekufa, skechi ndo zina watu. Nikiangalia michoro ya wachoraji wakubwa wa zamani naona mambo ni hayohayo. Kwanini inakuwa hivo? Na wao walifanyaje kuchora watu wa nyumbani bila watu kuganda kama wanapigwa picha ya pasipoti? Nimekutumia skechi moja na picha yenyewe uone."

Marahaba dada yangu. Nimekaa na swali lako wiki nzima, kila nikitaka kuandika najikuta nafungua tena ile skechi naiangalia, nitaifikia huko mwishoni usijali, ila kwanza kuna kitu tukiweke sawa maana watu wengi wanachanganya hapa.

Sio kila mchoro wa penseli ulioko makumbusho ni wa maandalizi. Kuna mchoraji anachora kwasababu ana picha kubwa kichwani na anataka kujua mkono ukae wapi, shingo igeuke kiasi gani, huo ndo wa maandalizi hasa. Afu kuna ule anaochora kwasababu mke wake kapitiwa na usingizi kwenye kiti na penseli ipo karibu, basi, hauna safari yoyote, unaingia kwenye faili unaweza ukatumika baada ya miaka ishirini au usitumike kabisa. Utajuaje? Angalia karatasi yenyewe. Mchoro wa maandalizi mara nyingi una alama za kazi: miraba iliyopigwa juu yake ili upanuliwe kwenda kwenye picha kubwa, au vitobo vya sindano vimefuata mistari, walikuwa wanapigapiga vumbi la mkaa juu yake linapenya linaacha nukta upande wa chini, au maneno yameandikwa juu ya mwili wa mtu. Edward Hopper wa Marekani alipokuwa anaandaa Morning Sun ya 1952 alimchora mkewe Josephine kakaa kitandani anatazama dirishani, na karatasi akaijaza maelezo ya rangi, wapi ya joto wapi ya baridi, utadhani fundi umeme anaweka alama ukutani kabla hajachimba. Josephine alikuwa anakaribia miaka 70. Kwenye karatasi ni yeye, kwenye picha ya rangi amekuwa mwanamke fulani tu kakaa kwenye jua.

Sasa tuje kwenye huo uhai. British Museum kule London wana kakaratasi kadogo ka Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, ka karibu mwaka 1656, wino wa kahawia, mtoto anafundishwa kutembea. Mama kashika mkono mmoja wa mtoto, dada mkubwa kashika mwingine, baba kachuchumaa mbele kanyoosha mikono, na nyuma anapita mwanamke kabeba ndoo. Ni hayo tu, hakuna ukuta wala kivuli cha maana wala mti. Mchoraji Muingereza David Hockney amewahi kusema huo ndo mchoro bora kuliko yote iliyowahi kuchorwa, na mimi sipendi maneno ya bora kuliko yote ila ukikaa nao dakika kumi unaelewa kwanini mtu mzima aropoke hivo. Angalia mikono. Mama kashika kwa nguvu, ameshafanya kazi hii kabla, mgongo wake umeinama kwa mazoea. Dada yeye kashika kwa wasiwasi, mabega yake kayageuza anamchungulia mtoto usoni aone kama anaogopa. Na yule wa ndoo, ndoo imejaa, unajuaje imejaa? Mkono wake mwingine umetupwa nje kusawazisha uzito. Mistari miwili mitatu tu hiyo.

Fikiria alivyoipata. Mtoto anayejifunza kutembea hakupi hata sekunde tatu, hatua moja kashadondoka au kashakaa chini analia, kwahiyo hata Rembrandt angekuwa na mkono mwepesi kiasi gani hakuwa anakopi kitu kilichopo mbele ya macho, mpaka wino uguse karatasi kile kitu kimeshaisha. Alichokuwa anachora ni kile anachokijua. Huyu bwana na mkewe wa kwanza Saskia walizika watoto wachanga watatu, akabaki Titus aliyezaliwa 1641, Saskia mwenyewe akafariki mwaka uliofuata, na 1654 akapata binti, Cornelia, kwa Hendrickje, mwanamke aliyeishi naye baada ya Saskia. Sisemi mtoto wa kwenye mchoro ni Cornelia, hilo hakuna anayeweza kulisema na mtu akikwambia anajua muulize kajuaje. Nachosema ni kwamba mkono uliochora ule mgongo wa mama ulikuwa umeona migongo kama ile mara nyingi sana nyumbani, na wino ukafuata kumbukumbu ya mwili kuliko jicho. Ndo maana naona skechi inashika mambo ya ndani ya nyumba kuliko kitu kingine chochote: haikupi muda wa kujifanya. Ukichora kwa sekunde kumi unachora tu kile unachokijua kweli kuhusu yule mtu, kile usichokijua kinabaki karatasi nyeupe, na huo weupe nao unasema ukweli.

Leonardo da Vinci wa Italia alikutana na shida hiyohiyo kwa njia ya kuchekesha kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1470, akiwa kijana wa Florence, alitaka kufanya picha ya Bikira Maria na mtoto kakumbatia paka. Paka! Kama umewahi kuona mtoto wa mwaka mmoja kamkamata paka unajua kinachofuata, mtoto anabana shingo, paka anatafuta pa kutokea, mama mkono mmoja kwa mtoto mwingine kwa paka. Zimebaki karatasi kadhaa za hiyo kazi na moja iko hapohapo British Museum, mistari imepishana juu ya mistari mpaka kichwa cha mama kinaonekana kimekaa sehemu mbili, hakufuta, aliendelea tu kuchora juu. Ilipochafuka kabisa akageuza karatasi na kule nyuma akafuata ile mistari aliyoipenda inayoonekana kwa upande wa pili. Yaani upande mmoja fujo, upande mwingine uamuzi. Picha yenyewe ya rangi haijulikani ilipo, labda hakuifanya kabisa, ila paka tunaye, bado anajinyonganyonga miaka zaidi ya 500 baadae. Na huyuhuyu Leonardo ndo aliwashauri wachoraji watembee na kijitabu kidogo, wachore watu wakiongea wakigombana wakicheka, na karatasi ziwe zimepakwa rangi ya chini ili mistari isifutike, kijitabu kikijaa unakiweka unachukua kingine. Isifutike, dada. Narudi kwenye hilo maana nimeona ulivyoifanyia skechi yako.

Kwanini sasa ikifika kwenye mafuta inakufa. Kwanza kanvasi inadai majibu ya kila kitu. Kwenye skechi ulikuwa na mama, mtoto na kitana. Kwenye picha ukalazimika kujibu ukuta rangi gani, kiti miguu mingapi, sakafu inaishia wapi, na vitu hivyo hujavichora kwenye zile skechi kumi kwahiyo umevitunga, na vitu vya kutunga ukivikalisha na watu wa kweli vinawavuta watu nao wawe wa kutunga. Pili rangi za mafuta zinakauka taratibu, unarudi siku ya tatu, ya tano, na kila ukirudi unarekebisha, na kurekebisha kwa mtu anayejifunza karibu siku zote maana yake ni kupendezesha. Bega lililopanda linashushwa, jicho lililofumba linafunguliwa. Tatu, na hii ndo mbaya zaidi, picha unajua itatazamwa. Skechi ulichora peke yako, hakuna aliyekuwa anakusubiri uimalize. Picha ukishaanza tu kuna wageni kichwani, na ukisikia wageni wanakuja unafanya nini nyumbani? Unafagia, unaficha nguo chafu. Ndo ulichofanya kwenye kanvasi.

Ila usiamini kwamba picha ni lazima ife, kuna mtu alipeleka skechi kwenye picha kubwa na nyumba ikafika nzimanzima. Edgar Degas, Mfaransa, kabla hajawa Degas wa wacheza densi, 1858 alikwenda Florence kukaa kwa shangazi yake Laura aliyeolewa na mtu anaitwa Gennaro Bellelli. Nyumba haikuwa na furaha, mume mkimbizi wa kisiasa kutoka Naples, mke yuko kwenye msiba wa baba yake na ana mimba, mabinti wawili, Giovanna na Giulia. Degas akawachora mmojammoja, uso wa shangazi, mikono, mabinti na aproni zao nyeupe, afu akarudi Paris na lile furushi la michoro akalifanyia kazi miaka, picha ina upana wa karibu mita mbili na nusu, leo iko makumbusho ya Musée d'Orsay hukohuko Paris. Sasa itazame. Watu wanne kwenye chumba kimoja na hakuna macho yanayokutana hata mara moja. Shangazi anaangalia mbali juu ya vichwa vyao, mume katupa mgongo kwetu kwenye kiti chake, Giulia kakaa katikati mguu mmoja kaukunja chini ya makalio huku kajishika kiuno, mtoto aliyechoka kukaa vizuri, na pembeni kule mbwa anatoka kwenye picha nusu mwili, na mimi ningekuwa mbwa wa nyumba ile ningetoka pia.

Kinachonifurahisha hapo ni kwamba mtu mwingine angeita kosa. Ukichora watu mmojammoja kwa siku tofauti afu ukawakusanya kwenye kanvasi, hawatazamani, ni tatizo la kawaida kabisa, wanafunzi wangu wote linawapata. Degas hakulirekebisha. Aliona kwamba hivyo ndivyo nyumba ilivyo, kila mtu kwenye karatasi yake. Na ule mguu wa Giulia, mchoraji mwingine yeyote anayetaka kumpendeza baba wa mtoto angeushusha chini ukae pamoja na mwenzake.

Nikishamsifu hivo niseme na upande wa pili, maana Degas huyuhuyu anatumika kila siku kama mfano wa uchoraji wa siri za nyumbani kwa sababu za uongo. Zile pasteli, yaani picha za rangi za chaki, za wanawake wanaoga kwenye beseni, wanajifuta shingo, wanachana nywele, alizoonyesha 1886 kwenye maonyesho ya mwisho ya wale Waimpreshoni, kundi la wachoraji wa Paris wa wakati ule, watu wanaziongelea kama vile alikuwa kajificha nyuma ya mlango. Hapana bwana. Wale ni mamodeli, beseni liko studio, analipa kwa masaa, mwanamke anashikilia mkao mpaka misuli inatetemeka. Ni ufundi wa kuigiza faragha na ni ufundi mkubwa, ila usijilaumu kwamba mama yako hakai vile, wale walikuwa kazini. Na Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Paris, ambaye ukitaja mama na mtoto kwenye sanaa jina lake linakuja la kwanza, hakuwahi kuzaa wala kuolewa. Alijua watoto wachanga kwa kuwatazama kama daktari anavyotazama, uzito wa kichwa cha mtoto begani, vidole vya miguu vinavyojikunja. Kwenye chapa zake kumi za rangi, yaani picha zinazopigwa kutoka kwenye bamba, za 1890 na 1891 alitumia njia moja naipenda sana: bamba la shaba linapakwa nta laini, juu yake unalaza karatasi, unachora kwa penseli kawaida tu, ukiinua karatasi nta inang'oka pale penseli ilipokandamiza, kwahiyo msukumo uleule wa mkono wa kwenye mchoro wa maandalizi unaingia wenyewe kwenye bamba bila kukopi. Yaani alitafuta njia ya kutopoteza kile ulichopoteza wewe. Wajapani ambao Cassatt alijifunza kwao wao walikuwa na hasara kubwa zaidi, mchoro wa mwisho wa msanii ulikuwa unagandishwa juu ya ubao na fundi anachonga juu yake, chapa inatoka mchoro umekwisha. Michoro ya aina hiyo iliyobaki mingi ni ya kazi ambazo hazikuwahi kuchongwa.

Haya, swali la pili, watu kuganda. Jibu la ukweli ni kwamba wachoraji wengi waliofanikiwa kwenye hili walikaa na watu wao muda mrefu mpaka penseli ikawa kama kiti kingine cha ndani. Vuillard wa Ufaransa aliishi na mama yake, mshonaji wa koseti, mpaka mama akafariki 1928 na yeye akiwa na miaka 60. Miaka 60! Unadhani yule mama bado alikuwa anageuza shingo kila akiona kijitabu? Alikuwa anaendelea na uzi wake. Kwahiyo mama yako kuganda wiki ya kwanza ni kawaida, chora kila siku hata vibaya, hata usipochora shika tu penseli mkononi, atakuzoea kama alivyozoea redio.

Njia ya pili ni ya Bonnard, rafiki yake Vuillard, na kwangu mimi ndo inayokufaa zaidi. Huyu hakupenda kabisa kupaka rangi mbele ya kitu anachokichora, alisema kitu chenyewe kinamvuruga. Alikuwa na shajara za mfukoni, zimebaki za kuanzia 1927 mpaka 1946, kila siku anaandika hali ya hewa, mawingu, jua, mvua, na ukurasa huohuo ana kimchoro cha penseli butu, Marthe mkewe anaingia kwenye bafu, Marthe mezani, kikapu, mbwa. Ni vimchoro vidogo sana, vikwaruzo na nukta na misalaba, kwa mtu mwingine ni kama mtoto kachezea, ila kila aina ya mkwaruzo ilikuwa inamkumbusha mwanga ulikuwa mkali au mpole. Afu anaenda studio, kanvasi kaipigilia ukutani bila fremu, Marthe hayupo, anapaka kutoka kwenye ukurasa na kumbukumbu. Kwahiyo Marthe hakuwa na haja ya kuganda, alioga maji yakaisha akatoka. Picha moja ya mwisho ya Marthe kwenye bafu na kimbwa pembeni Bonnard aliianza 1941, Marthe akafariki 1942, na mzee akaendelea kuipaka mpaka 1946, bafu bado lina maji na mkewe bado yumo. Asingeweza kama kazi yake ingetegemea mtu kukaa mbele yake.

Na unapokosa mtu chora alichoacha. Dürer, Mjerumani, akiwa na miaka 22, mwaka 1493, alichora mto wa kulalia mara sita kwenye karatasi moja, nyuma ya karatasi aliyojichora mwenyewe, iko Metropolitan Museum New York. Mito sita, kila mmoja umebonyea kivyake. Menzel wa Berlin naye alichora kitanda ambacho hakijatandikwa, karibu mwaka 1845, shuka limekunjamana utadhani mtu katoka sasa hivi. Kitana cha mama yako kikiwa na nywele za mtoto zimebaki kwenye meno, hiyo ni skechi tosha.

Huyo Dürer ngoja nimalizie maana anakujibu na lile swali la skechi kuja kuwa picha. Mwaka 1494, mwaka aliooa, alimchora mkewe Agnes kakaa mezani kaegemeza kichwa kwenye mkono, mistari ya wino ya haraka, kama anasinzia au kachoka na wageni sijui, na chini akaandika kwa Kijerumani Agnes wangu. Hakuna kingine. Miaka 25 baadae, 1519, akamchora tena Agnes, safari hii kwa brashi, kitambaa kimefunika kichwa na kidevu, kwa ajili ya kumfanya Mtakatifu Anna kwenye picha ya rangi. Zote mbili ziko makumbusho ya Albertina, Vienna. Mwanamke yuleyule, mkono uleule, ila ya pili kila mkunjo wa kitambaa umefikiriwa maana anaenda kuwa mtakatifu mbele za watu, ile ya kwanza ni ya mtu ambaye bado hajaamini kama kaoa. Ukiniuliza ipi bora nitakwambia ya pili kwa ufundi, na ukiniambia chagua moja ubebe nyumbani nitakimbia na ya kwanza.

Nisiwe mwongo lakini, maandalizi nayo yanaweza kuwa na uchungu kuliko hata picha. Käthe Kollwitz, Mjerumani, mume wake alikuwa daktari wa familia za wafanyakazi Berlin, kwahiyo aliwaona kina mama wa mtaa ule kwa karibu. 1903 alikuwa anaandaa chapa ya mama na mtoto aliyekufa. Akajitumia mwenyewe na mwanae Peter wa miaka saba. Akakaa mbele ya kioo, mtoto kamlaza mkononi kama maiti, mkono mwingine unachora. Mtoto wa miaka saba ni mzito, mama akaguna kwa kuelemewa, na mtoto aliyekuwa anajifanya amekufa akamliwaza, akamwambia anyamaze tu mama, itapendeza pia. Kollwitz ndo alilisimulia mwenyewe kwenye barua baadae. Ile chapa ukiiona mama kamkumbatia mtoto kama mnyama, kichwa kakizamisha kifuani kwake. Oktoba 1914 Peter akauawa vitani Ubelgiji akiwa na miaka 18. Sina cha kuongeza hapo, nimekutajia ili ujue kwamba unapomwambia mwanao kaa hivi nikuchore unaweka kitu kwenye karatasi ambacho hujui utakuja kukisoma vipi.

Na hapo inaingia suala la ruhusa ambalo hukuliuliza ila nalisema. Henry Moore, yule mchongaji Muingereza, 1940 London inapigwa mabomu usiku watu wanalala kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, familia nzima na mablanketi, mdomo wazi, mikono imetupwa huku na huku. Alishuka akaona vitu ambavyo hajawahi kuviona, ila hakutoa kitabu akaanza kuchora. Wale watu chumba chao cha kulala kilikuwa pale kwenye sakafu, kuwachora mbele ya macho ingekuwa kuingia chumbani kwa mtu bila hodi. Alichofanya ni kusogea pembeni, anaandika vidokezo viwili vitatu nyuma ya bahasha, kesho yake yuko nyumbani anachora kwa kukumbuka, krayoni ya nta kwanza afu rangi ya maji juu yake, nta inaikataa rangi kwahiyo miili inabaki myeupe kwenye giza. Faragha waliyonyimwa na vita yeye hakuwaongezea kuwanyima. Mwanao atakua, atakuwa na miaka 12 na atakuwa na maoni yake kuhusu hizi skechi, anza kumuuliza sasa hivi akiwa mdogo, na akisema hapana leo basi leo ni hapana.

Sasa skechi yako. Mkono wa kulia wa mama umeuchora mara nne, mitatu umeifuta kwa raba ila imebaki kwa mbali, nimeongeza mwanga kwenye simu nikaiona. Ule wa kwanza kabisa, wa juu, ndo wenye nguvu, kifundo kimepinda kwa sababu kitana kimekwama kwenye fundo la nywele, na shingo ya mtoto imevutwa nyuma, jicho moja kafumba kwa maumivu lingine anakuangalia wewe kama anakuomba umuokoe. Bega la kushoto la mama hujalichora kabisa na wala silihitaji. Kwenye picha ya mafuta ukachagua mkono wa nne, mzuri, vidole vimejipanga, kitana kinapita juu ya nywele bila kugusa kitu, mtoto kafungua macho yote anatazama mbele. Hakuna anayechanwa hapo. Fundo ulilitoa wewe.

Picha usiitupe, igeuze iangalie ukutani. Raba mpe mtoto acheze nayo. Skechi usiimalizie wala usiipake chochote, piga miraba kwenye kopi yake, sio yenyewe, na kwenye kanvasi mpya anza na ule mkono wa kwanza uliokwama na lile jicho moja, uvipake mpaka vikae, ndo uangalie kama ukuta unahitajika. Mimi nahisi ukijaribu utaona hauhitajiki, ila kama mama atakuuliza mbona hujamalizia kiti changu, basi mchoree kiti kwenye karatasi nyingine umpe.